Saini za Asubuhi

Ilianza siku ya Jumanne, saa tisa na dakika kumi alasiri, katika likizo ya mwezi wa sita, nikiwa kidato cha tatu. Sina haja ya kukisia saa hiyo. Iko kwenye kaunta buku langu, kwa kalamu ya bluu, katikati ya mambo ya kijinga kabisa: kwamba mchana tulikula ugali na mlenda, kwamba kuku wa jirani kaingia jikoni tena, kwamba nina kipele kidevuni na sitaki kwenda kanisani nacho. Halafu mstari huu: "Saa 9:10. Sajini anapita na Kabula, wawili tu. Kabula kabeba ndoo ya bluu. Mama anamenya viazi." Chini yake, kwa mwandiko ule ule: "Saa 10:40. Kabula katoka kwa Sajini. Hana ndoo." Basi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliandika kila kilichopita mbele ya dirisha letu kwa sababu sikuwa na mtu wa kuzungumza naye, na kwa sababu nilishagundua kwamba mtu anayeandika huonekana ana shughuli, hasemeshwi.

Sasa nina kumi na tisa, na nimelitoa tena kaunta lile kwenye begi kwa sababu ya jambo lililonikuta Kaliua mwezi uliopita. Nilikuwa nakwenda kumwona Mama, ambaye siku hizi yuko upande wa Mpanda, nikashuka Kaliua kusubiri treni ya kuunganisha. Nyuma ya stesheni kuna akina mama wanaouza chakula. Nilikuwa napita nimeinamisha kichwa kama kawaida yangu, mara nikasikia, "Wewe wa dirishani." Nikasimama. Alikuwa amenenepa, amefunga kitenge kipya, mbele yake masufuria matatu na benchi la wateja. Ilinichukua muda kumjua kwa sababu sikuwahi kumwona akiwa na nywele. Wakati ule zilinyolewa. Alinikalisha, akanipakulia michembe ya karanga, vile viazi vitamu vikavu vya kwetu, sahani imejaa mpaka inamwagika. Tulizungumza habari za mvua na za treni. Nilipokuwa namalizia sahani ndipo akaniuliza, "Bado unaandika?" Nikasema kidogo kidogo. Akasema, "Basi andika na ile. Jina langu weka, sina cha kuficha. La yule usiweke, asije akajiona mtu maarufu." Akacheka, akaenda kumpakulia mteja mwingine. Kwa hiyo yeye ni Kabula, jina lake mwenyewe, na yule nitamwita Sajini tu.

Tulikuwa tunakaa kota za magereza, nje kidogo ya mji wa Tabora. Jina la gereza naliacha. Mama alikuwa askari, Koplo, upande wa wanawake. Habari za baba hazihusiki hapa. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi wenye meza moja, na meza hiyo ndiyo ilikuwa jiko la akiba, pahali pa kupigia pasi na dawati langu. Dirisha langu lilitazama njia ya vumbi iliyotoka langoni mpaka kwenye bomba la maji, ikapita mbele ya nyumba ya Sajini, ya tatu kutoka kwetu. Nyuma ya kota ilipita barabara ya zamani ya misafara, ile ambayo walimu wa historia hawachoki kuisema, Bagamoyo mpaka Ujiji. Siku hizi ni njia ya ng'ombe na baiskeli za mkaa. Kila asubuhi wafungwa wa kike waliobakiza muda mfupi walitolewa kufanya kazi kwenye kota: kuchota maji, kufua, kufyeka. Tulikua nalo hilo kama watu wengine wanavyokua na mto karibu na nyumba. Walipotukuta njiani waliacha walichobeba, wakachuchumaa, wakatusalimia sisi watoto, hata mtoto wa darasa la pili. Sisi hatukuwaamkia. Hakuna aliyetukataza. Sikumbuki kumwona mtoto yeyote wa kota akimpa shikamoo mfungwa, hata bibi mwenye mvi, na sikumbuki kuliona jambo hilo kuwa la ajabu.

Sheria ilisema mfungwa wa kike asitoke wala asitembee bila askari wa kike kufuatana naye. Kwa ajili hiyo langoni kulikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada jekundu: jina la mfungwa, kazi anayokwenda kufanya, saa ya kutoka, saa ya kurudi, na saini ya askari wa kike aliyekuwa naye. Lakini askari wa kike walikuwa wawili tu, Mama na Mama Pili, na Jumanne Mama Pili alikuwa na mapumziko. Mama alibaki peke yake na kazi ya watu wanne. Basi akafanya walichokuwa wakifanya wote waliomtangulia: saa moja asubuhi, akiwa bado ana nguvu, anafungua kitabu na kujaza siku nzima. Ametoka saa tisa, amerudi saa kumi, saini. Wenyewe waliita saini za asubuhi. Walikuwa wakizisema mezani kwetu bila kupunguza sauti, kama watu wanavyosema kuloweka maharage usiku ili yaive haraka. Saa nane Mama alikuwa anakuja nyumbani kunipikia na kumenya viazi, na kitabu kule langoni kilikuwa kinasema yuko kazini anafuatana na mtu.

Jumanne ilikuwa pia siku ya gulio, na mke wa Sajini alikuwa muuza vitenge. Aliondoka alfajiri na mabegi yake, akarudi giza linaingia. Sajini hakuwa mtu wa kutisha. Ningependa niseme alikuwa na macho mekundu na sauti ya radi, ingenisaidia hata kumwandika. Alikuwa mcheshi. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Alijua majina ya watoto wote wa kota na shule zao, na alipopita na Kabula alikuwa akipiga mluzi.

Jumanne ya pili niliandika: "Saa 9:05. Sajini na Kabula. Saa 10:30 katoka. Kasimama njiani, kamtazama Mama. Mama kamwona. Kageuka upande wa michembe." Mama alikuwa uani, ameinamia mkeka, anatandaza vipande vya viazi vikauke. Mimi niliona yote mawili kwa pamoja, Kabula akiwa ameshika ukosi wa gauni lake la mfungwa kama mtu mwenye baridi, na mgongo wa Mama. Nikaandika kwa sababu nilikuwa naandika kila kitu. Leo nikiusoma mstari ule naona kwamba mkono wangu ulishajua. Ulikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kwenye herufi ya mwisho.

Alhamisi ya wiki hiyo Kabula aliletwa kwetu kufua. Mama Pili alikuwa naye kweli, lakini alikaa kivulini upande wa mbele akitengeneza redio yake. Kabula alikuwa na miaka ishirini na saba, mtu wa Igunga, amefungwa miaka miwili kwa kupika gongo. Kabla ya Jumanne hizo alikuwa mtu wa vichekesho. Alikuwa akiiga sauti za maaskari wote, na ya Mama alikuwa akiipatia kuliko zote. Siku hiyo alifua shuka moja mpaka nikaogopa litachanika. Nikampelekea chai, na badala ya kurudi ndani kama siku zote nikabaki nimesimama. Alinywa nusu. Akaniambia bila kunitazama, "Mdogo wangu, wewe si unaonaga kila kitu pale dirishani? Basi unaona napelekwa wapi Jumanne. Mtu yule ananiingilia kwa nguvu. Nikikataa anasema ataniandikia kosa, theluthi yangu iondoke." Theluthi ni ile sehemu ya kifungo ambayo mfungwa mwenye nidhamu husamehewa. Alikuwa amebakiza miezi minne. Ikiondoka, ingekuwa mwaka mzima, mwaka wa Jumanne. Ningependa niandike kwamba nilimwambia neno. Nilichukua kikombe, nikakiongeza chai, nikamrudishia. Kisha nikaingia ndani nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, na saa.

Jumanne mbili zaidi zilipita. Zote nimeziandika. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliweza kuandika dakika na nisiweze kutembea hatua ishirini kumwambia mtu. Jibu ni kwamba mtu wa kumwambia alikuwa Mama, na nilishamwona Mama akigeuka.

Shule zilipokwisha kufunguliwa akaja afisa wa kike kutoka mkoani kukagua. Yaliyotokea nilisimuliwa na Mama Pili jioni hiyo hiyo, na Mama Pili husimulia kwa mikono na mabega. Wafungwa wamechuchumaa kwa mistari. Afisa anauliza nani ana shida. Wote wanaitikia kwa pamoja, kama wanavyoitikia siku zote, kwamba hawana shida, afande. Na wakati mwitikio haujaisha, Kabula akasimama. "Peke yake," Mama Pili akasema, "wenzie wote wako chini, yeye kasimama kama mlingoti wa bendera." Akasema mbele ya watu wote anachofanyiwa, na nani, na siku gani. Sajini alikuwapo. Alitikisa kichwa kwa huzuni kama mzazi. Kitabu chekundu kikaletwa. Afisa akakisoma ukurasa kwa ukurasa, na kila Jumanne kilisema jambo moja: ametoka saa tisa kamili, amerudi saa kumi kamili, amefuatana na Koplo fulani, saini. Yule Koplo ndiye mama yangu. Afisa akafunga kitabu, akasema atarudi Jumatatu kuchukua maelezo ya Koplo huyo, na kwamba kama mfungwa amesema uongo dhidi ya askari, adhabu yake anaijua.

Kesho yake, magharibi, Sajini alikuja kwetu. Mimi nilikuwa chumbani, mlango wetu ulikuwa pazia. Alikataa kiti, kisha akakaa. Alimwita Mama dada. Aliongea taratibu, karibu kwa upendo. "Dada, mimi sina wasiwasi. Kitabu kinaongea chenyewe. Ukisema ulikuwepo, yule binti ni mwongo, yanaisha. Ukisema hukuwepo, basi wewe umeidanganya serikali mwaka mzima. Mimi utanipa shida ya siku mbili, wewe utapoteza kazi na hii nyumba. Chagua lililo jepesi." Nilisikia kisu cha Mama kikiendelea kumenya. Sajini alipoinuka akasema kwa sauti kubwa kidogo, sauti ya kunifikia mimi, "Nyamizi hajambo? Mwakani si kidato cha nne? Watoto wa mtihani wanataka utulivu." Akatoka akipiga mluzi. Usiku ule tulikula ugali na maharage na hakuna aliyesema yana chumvi nyingi, ingawa yalikuwa na chumvi nyingi.

Sasa inabidi nieleze utani, kwa wale wasioujua, maana bila huo sijui tungefika wapi. Mama Pili alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, sisi Wanyamwezi, na hao ni watani tangu zama za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo. Mtani anaweza kuingia kwako akafungua sufuria. Anaweza kukutukana mbele ya wageni, na wewe ukikasirika unaonekana huna adabu. Kwenye msiba wa bibi yangu Mama Pili alilala katikati ya njia akakataa jeneza lipite mpaka alipwe kuku, na watu waliokuwa wanalia wakacheka. Mambo ambayo ndugu hawezi kukwambia, wala rafiki, wala bosi, mtani anayo ruhusa.

Jumamosi asubuhi alikuja, akaingia jikoni bila hodi, akachota karanga mkono mzima, akakaa kwenye kinu. Akaanza kama kawaida: kwamba nyumba inanuka viazi, kwamba Wanyamwezi wangefunga harusi na kiazi kama padre angekubali. Mama akamjibu kwamba watu wa pwani hawajui kazi, wanajua kukaa kwenye kinu. Mimi nilikuwa napepeta mchele, nikafurahi kusikia sauti ya Mama. Ilikuwa ya kwanza tangu Alhamisi, siku Sajini alipokuja. Kisha Mama Pili akasema, bado anatabasamu, bado anatafuna:

"Shida yenu nyie ni moja. Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji mlibebeshwa mizigo ya watu, hamkuuliza kilichomo. Mpaka leo mnabeba. Jamaa kakutwisha wa kwake, na wewe umenyoosha shingo."

Mama alicheka. Kwa kweli alicheka, ni desturi, mwili wenyewe ulicheka. Halafu kicheko kikakatika, na mdomo ukabaki wazi vile vile. Akasema, "Ungekuwa si mtani wangu ningekutoa nje." Mama Pili akasema, "Ningekuwa si mtani wako nisingethubutu." Akapangusa maganda ya karanga mapajani. Akasema kwamba na yeye anasaini asubuhi, siku zake, na kwamba Jumatatu atalisema hilo, Mama aseme au asiseme. Akachukua karanga nyingine za njiani, akaenda zake.

Mchana ule nilitoa kaunta buku chini ya godoro. Nilitaka kumpa Mama, lakini kwanza nilitaka kuichana ile karatasi ya Jumanne ya pili, ile yenye "kageuka". Nilishaishika kwa vidole viwili. Kisha nikaigeuza, na nyuma yake palikuwa na maneno ya Kabula ya siku ya kufua, na saa. Karatasi ni moja. Nikichana mgongo wa Mama nachana na sauti ya Kabula. Nilikaa pale kitandani muda mrefu nikitafuta namna ya kuichana upande mmoja tu, na nasema kweli, nilijaribu hata kuifuta kwa kifutio, wino ukatapakaa. Mwishowe nikakunja pembe za kurasa zote za Jumanne, nikaliweka kaunta mezani karibu na kofia yake ya kazi, nikatoka uani kugeuza michembe iliyokuwa imekwisha kukauka, haikuhitaji kugeuzwa.

Alisoma kutoka mwanzo. Sikuwa nimefikiria hilo. Nilidhani atasoma kurasa zenye pembe, kumbe alikaa akasoma lote, na habari za kipele, na za mvulana wa kwaya ambaye nilikuwa nimeandika kwamba ana shingo nzuri, na ile siku niliyoandika kwamba namchukia Mama kwa sababu ya viatu. Jua lilihama kutoka mlangoni mpaka ukutani. Aliponiita nikaingia, nikasimama. Kaunta lilikuwa wazi penye wino uliotapakaa.

"Uliniona," akasema.

"Nilikuona, Mama."

"Na mimi nilimwona. Nilimwona macho yake. Nikajiambia ana homa." Akapitisha kidole pale palipotoboka. "Nikajiambia hivyo wiki nne."

Akaniuliza tukitolewa kwenye nyumba hii nitasoma wapi. Nikasema sijui. Akasema na yeye hajui. Kisha akaniambia niwashe mkaa wa pasi, kwa sababu gwanda lake la Jumatatu lilikuwa limekunjamana.

Jumatatu saa nne asubuhi na mimi niliitwa. Ofisi ilikuwa na meza, saa ya ukutani, afisa wa kike, karani, Mama, Mama Pili na Kabula. Kabula alikuwa amekaa kwenye kiti. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona amekaa kwenye kiti, na miguu yake ilionekana haijui iwekwe wapi. Mama alikuwa ameshasema. Niliona kwa mabega yake. Afisa akalisukuma kwangu kaunta, ambalo Mama alikuwa amelileta mwenyewe, akasema, "Mwandiko wako siuwezi. Soma mwenyewe." Mimi ambaye darasani nilikuwa najifanya kuumwa siku ya kusoma kwa sauti. Nikaanza. Nilisoma Jumanne ya kwanza na sauti ilikuwa kama ya mbu. Afisa akasema nipaze. Nikapaza. Kila saa niliyoisoma karani aliiandika, na kando yake aliandika ya kitabu chekundu. Kitabu kilikuwa na saa kamili tu, tisa na kumi, tisa na kumi. Mimi nilikuwa na dakika, na nilikuwa na Mama akimenya viazi. Nilipofika kwenye Jumanne ya pili nikasoma mpaka "kamtazama Mama", nikasita, nikapitisha macho nianze mstari wa chini yake. Mama alikuwa anatazama saa ya ukutani. Hakugeuka.

"Soma," akasema. "Usiruke."

Nikasoma. Kabula alikuwa ameinamisha kichwa, na niliposema "kageuka upande wa michembe" aliinua uso akamtazama Mama, na safari hii Mama naye akamtazama. Mpaka leo sijui kama Kabula alimsamehe. Nilipomuuliza Kaliua, alikoroga sufuria kidogo, akasema, "Mama yako alichelewa. Lakini alikuja," akaniongeza karanga.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa mwendo wake. Sajini aliondolewa kwenye kota kabla wiki haijaisha, na mke wake akaondoka na mabegi yake ya vitenge bila kumuaga mtu. Huyo nilimwonea huruma. Wanawake wengine wawili waliokwisha kumaliza vifungo walitafutwa, wakasema ya kwao. Kesi ilichukua muda mrefu kuliko shule yangu, lakini ilifika mwisho, na Sajini alifungwa. Theluthi ya Kabula haikuguswa. Alitoka siku yake. Mama alivuliwa cheo akabaki askari wa kawaida, akahamishwa, na mimi nikamalizia kidato cha nne Chemchem, Tabora mjini, kwa mama mdogo, nikilala na binamu zangu watatu kitanda kimoja. Matokeo yangu hayakuwa mazuri sana na wala hayakuwa mabaya. Mama Pili naye alipewa onyo la maandishi, akalifunga kwenye fremu, akalitundika sebuleni. Na nasikia kwamba gerezani pale sasa kitabu chekundu hakifunguliwi mpaka mfungwa arudi, na mfungwa mwenyewe anaweka dole gumba kando ya saini. Sijakiona kwa macho yangu. Natumaini ni kweli.

Lakini hayo yote yalikuwa bado. Jumatatu ile jioni tulikuwa hatujui lolote. Mama aliambiwa abaki nyumbani mpaka aitwe. Alilala mapema akiwa bado amevaa gwanda, na mimi nikalifunika kaunta kwa gazeti.

Asubuhi yake ilikuwa Jumanne, siku ya gulio. Niliamka saa kumi na mbili na nusu, nikachukua ndoo yetu mwenyewe, jambo ambalo watoto wa kota hawakuwa wakifanya, nikaenda bombani. Walikuwa wanakuja, wafungwa watano kwa mstari, na nyuma yao Mama Pili, siku yake ya mapumziko, amevaa kombati na viatu vya kazi. Kabula alikuwa wa mwisho, na ile ndoo ya bluu. Sijui ilirudishwa lini. Waliponiona wakaanza kuchuchumaa. Kabla magoti yake hayajakunjika nikasema, kwa sauti ile ile ya ofisini:

"Shikamoo, dada Kabula."

Wote wakaganda, nusu wamesimama nusu wamekaa. Maji yalikuwa yanamwagika bombani na hakuna aliyeyafunga. Kabula akanyooka taratibu, akatazama nyuma kwa Mama Pili, akanitazama mimi.

"Marahaba, mdogo wangu. Umeamkaje?"

Nikasema nimeamka salama. Basi nikakinga ndoo yake mpaka ikajaa, nikashika upande mmoja, yeye akashika wa pili, tukainua, nikamtwisha. Mama Pili akasema leo maajabu, Mnyamwezi anabebesha wenzie. Na mimi, ambaye sikuwahi kumjibu mtu mzima utani maishani mwangu, nikamwambia ni maji tu, nimetazama ndani. Kabula akacheka mpaka ndoo ikamwagika kidogo begani, kicheko chake kile cha zamani. Nikajitwika ya kwangu, nikatangulia njiani.